Nguo chache zinazotosha: jinsi ya kujiandaa na kipupwe kwa pesa kidogo

Kila mwaka, mwezi wa tano ukishavuka nusu, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio hubadilika. Maswali ya bei ya viazi na mbolea hupungua, maswali ya baridi huongezeka. Mwaka jana tulipokea ujumbe mmoja ambao hatukuweza kuujibu sawasawa kwa dakika chache tulizokuwa nazo hewani. Mama mmoja aliandika kwamba ana shilingi 50,000 na watoto watatu wanaosoma, na nyumba nzima haina nguo za baridi za maana. Aanze na nini?

Tulimpa jibu fupi, wimbo ukafuata, kipindi kikaisha. Lakini swali lile lilibaki mezani, kwa sababu si la nyumba moja. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mufindi hadi Njombe, Makete na milima ya Mbeya, mwezi wa sita hadi wa nane si miezi ya mchezo. Nguo za baridi ni hitaji sawa na chumvi na mafuta ya taa. Makala hii ndiyo jibu refu tulilokuwa tunadaiwa. Isome taratibu, na mwisho tutarudi kwenye ile shilingi 50,000 tuigawe pamoja.

Baridi yetu inatoka wapi

Sababu ya kwanza ni mwinuko. Kwa wastani, kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Mji wa Njombe uko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, karibu mita 2,600. Ndiyo maana ndugu yako aliyeko Dar es Salaam akilala na feni, wewe unatafuta blanketi la tatu.

Sababu ya pili ni majira. Sisi tuko kusini ya Ikweta. Mwezi wa sita jua la utosi huwa limesogea mbali kaskazini, miale inatufikia kwa kulala zaidi, na upepo wa kusi unavuma. Hicho ndicho kipupwe.

Lakini baridi yetu ni ya aina mbili, na kila moja inataka mavazi yake. Ipo baridi kavu: usiku hauna wingu, nyota zinaonekana zote, na joto la ardhi linapaa bila kizuizi kwa sababu mawingu ndiyo blanketi la dunia. Alfajiri unakuta sakitu, ule weupe ambao wengi tunauita barafu, umelala juu ya majani na viazi. Lakini ikifika saa sita mchana jua linawaka na unatoka jasho. Ipo pia baridi ya ukungu: manyunyu, upepo, na jua halionekani siku nzima. Kipimajoto kinaweza kuonyesha nyuzi nyingi kuliko ile ya sakitu, lakini mwili unaumia zaidi kwa sababu nguo zinalowa na upepo unapita.

Kwa hiyo koti moja zito haliwezi kukutosheleza. Saa kumi na mbili asubuhi litakufaa, saa sita mchana utalibeba begani, na siku ya manyunyu litalowa na kugoma kukauka. Tunachohitaji ni nguo chache zinazovalika juu kwa juu, zikiongezwa na kupunguzwa kulingana na saa.

Nguo hailetei mwili joto, inalitunza

Hili ndilo jambo la kuelewa kabla ya kutoa pesa. Joto linatoka mwilini mwako mwenyewe, kwa chakula ulichokula na kazi unayofanya. Kazi ya nguo ni kulizuia lisitoroke. Na kinacholizuia hasa ni hewa iliyotulia kati ya nyuzi za nguo na kati ya nguo moja na nyingine. Hewa hiyo ikipeperushwa na upepo au nguo ikilowa, joto linaondoka.

Ndiyo maana nguo mbili nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine mara nyingi hushinda nguo moja nene. Tuzipange katika tabaka tatu.

Tabaka la ndani ni linalogusa ngozi: fulana ya mikono mirefu inayobana kidogo, au skintaiti kwa miguuni. Kazi yake ni kukuweka mkavu. Pamba ni nzuri kwa siku ya kukaa, ila ukilima ukatoka jasho, pamba hulinyonya na kubaki na unyevu, nawe ukipumzika unaanza kutetemeka. Kwa siku ya kazi nzito, fulana nyepesi ya michezo, ile inayoteleza mkononi, hukauka haraka zaidi. Kama huna, beba fulana ya pili ya pamba ubadilishe ukimaliza kazi.

Tabaka la kati ndilo linalotunza joto: sweta. Sweta la sufu, yaani manyoya ya kondoo, lina sifa moja kubwa, kwamba hata likilowa kidogo bado linatunza joto. Yale masweta mepesi yenye kitambaa laini kama blanketi la mtoto nayo ni mazuri. Hayana uzito na hukauka upesi. Udhaifu wake ni kwamba upepo unapita kama kwenye chandarua.

Tabaka la nje ni la kuzuia upepo na manyunyu. Halihitaji kuwa zito. Jaketi jembamba lisilopitisha upepo, likivaliwa juu ya sweta zuri, linashinda koti nene lenye matundu.

Nguo ngapi zinamtosha mtu mzima

Tumepiga hesabu na kujadiliana hapa studio, na orodha yetu kwa mtu mzima ni hii. Fulana mbili za mikono mirefu. Sweta moja jembamba na moja zito. Jaketi moja la nje. Suruali mbili, au sketi mbili na skintaiti mbili za kuvaa ndani yake. Soksi nzito jozi tatu: moja mguuni, moja kwenye kamba, moja ya kulalia. Mzula mmoja. Skafu au kitenge kizito kimoja. Kiatu kimoja cha kufunga na gambuti moja. Zaidi ya hapo ni nyongeza.

Siri ya nguo chache kuonekana nyingi iko kwenye rangi. Chagua rangi tulivu kwa nguo kubwa: nyeusi, bluu iliyoiva, kijivu au kahawia. Rangi ya kuchangamka iweke kwenye skafu, mzula au kitenge, ambavyo bei yake ni ndogo. Ukiwa na fulana mbili, masweta mawili na suruali mbili ambazo zote zinaendana, una mivao minane tofauti, na jaketi moja linaikubali yote.

Angalia pia shughuli. Nguo zako zitakwenda shambani, mnadani, kwenye mkutano wa kijiji, kanisani au msikitini, zahanati, na hata msibani, maana msiba haungoji jua litoke. Jaketi jeusi au la bluu iliyoiva lisilo na maandishi makubwa mgongoni litakubeba kote huko. Lile la njano lenye nembo ya timu litakuaibisha mahali fulani. Wazee wetu walilijua hili zamani: koti la suti la mtumba juu ya sweta, mchana shambani, jioni linapigwa brashi na kwenda kikaoni.

Akina mama wanaopenda sketi au gauni wasidhani ni lazima wavae suruali ili wapate joto. Skintaiti nzito ndani ya sketi ndefu, na kitenge juu, vinatunza joto vizuri kwa sababu ni tabaka tatu zilezile.

Kwa vijana wa bodaboda, adui yenu ni upepo kuliko baridi yenyewe. Jaketi lisilopitisha upepo ni la lazima kwenu kabla ya sweta la pili, na glavu baada yake. Wengi tayari mnageuza jaketi, mgongo wake ukae kifuani ili upepo usiingie kwenye zipu. Hiyo ni akili nzuri. Hakikisha tu mikono iko huru na hakuna kinachoning'inia karibu na gurudumu.

Kuchagua mtumba bila kujuta

Mmoja wetu hapa studio aliwahi kurudi kutoka mnadani na koti la fahari: zito, la manyoya ya bata ndani, limetengenezwa kwa ajili ya nchi za theluji. Wiki ya kwanza alitamba nalo. Wiki ya pili ulikuja ukungu. Koti likalowa, manyoya yakajikusanya pembeni kama uji ulioganda, likachukua siku nne kukauka, na lilipokauka zipu ikakatika. Alikuwa amenunua kitu kizuri kwa baridi ya watu wengine. Manyoya ya ndege hufanya kazi vizuri sana yakiwa makavu, lakini yakilowa hayasaidii. Kwa huku kwetu koti la namna hiyo ni la baridi kavu tu.

Ili yasikukute, fika mnadani mapema mzigo ukifunguliwa, na kagua hivi.

Pima upepo kwa mdomo. Weka kitambaa cha jaketi mdomoni na upulize, huku kiganja kikiwa upande wa pili. Ukihisi pumzi kwenye kiganja, na upepo wa Kitulo utapita.

Dondoshea maji. Matone mawili ya maji kutoka kwenye chupa yako yanatosha. Yakiteleza kama kwenye jani la mgomba, litakusaidia kwenye manyunyu. Yakizama, hilo si la mvua.

Geuza ndani nje. Majaketi ya mvua yaliyozeeka hubanduka ngozi ya ndani kama magamba. Yakianza kubanduka hayatengenezeki. Nusa pia: harufu ya ukungu iliyoshika huwa ngumu kutoka.

Inua kwenye mwanga. Matundu madogo ya nondo kwenye sweta la sufu huonekana jua likiwa nyuma yake. Tundu moja linashonwa. Matundu kumi yanamaanisha sweta limeshaanza safari ya kwenda.

Fungua na funga zipu mara tatu. Zipu ikiharibika, jaketi zuri linakuwa shuka. Fundi cherehani anaweza kuibadilisha, lakini omba bei ipunguzwe kabla, na ujue fundi wako anatoza kiasi gani.

Soma kibandiko cha ndani. Hata kama lugha ni ngeni, maneno machache yanatosha: "wool" ni sufu, "cotton" ni pamba, "polyester" na "acrylic" ni nyuzi za kiwandani. Kibandiko kikiwa kimekatwa, omba ruhusa uchomoe uzi mmoja unaoning'inia, na ukifika mbali na nguo uuchome. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na moto wake hufifia wenyewe. Pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Nyuzi za kiwandani huyeyuka na kuacha kidonge kigumu; usikishike kikiwa cha moto.

Nenda na sweta lako mwilini. Watu wengi hujaribu jaketi juu ya shati, wakifika nyumbani haliingii juu ya sweta. Tabaka la nje lazima liwe kubwa kidogo. Na soksi nene zisilazimishwe kwenye kiatu kinachobana; mguu ukibanwa damu haipiti vizuri na vidole vinazidi kupoa.

Kwa nguo za watoto kuna siri ndogo. Nguo nyingi kutoka Ulaya zina namba kama 116, 128 au 140. Hizo si za umri, ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Mpime mtoto ukutani kabla ya kwenda mnadani, kisha nunua namba inayomzidi kidogo ili imfae na mwakani.

Jambo moja la afya. Nguo za ndani za mitumba zimepigwa marufuku na Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Nunua mpya, hata kama ni chache. Na mtumba wowote, hata unaong'aa, ufue kwa sabuni, uanike juani na kuupiga pasi kabla ya kuuvaa. Upele na fangasi huweza kusafiri na nguo.

Lini ununue

Bei ya sweta hupanda pale kila mtu anapolitaka. Muuzaji anaona watu wanatetemeka mbele yake. Atapunguza kwa nini? Mwenye kuweza anunue mwezi wa kumi na moja hadi wa pili, wakati masweta yamelundikwa pembeni na watu wanatafuta magauni mepesi. Nunua kipande kimoja kila mnada unaokwenda, kwa pesa iliyobaki baada ya kuuza mboga au kuku. Kwa namna hiyo hutalazimika kuuza debe la mahindi kwa bei ya hasara mwezi wa sita ili mtoto apate sweta.

Wapo wanaotuuliza kuhusu kuchanga kwenye kikundi na kununua robota zima. Inawezekana kupata faida, lakini robota hununuliwa likiwa limefungwa, na hujui ndani kuna nini hadi ulifungue. Pesa ya mbolea au ada usiiweke humo. Kama kikundi kinataka kujaribu, kiende na mtu aliyekwisha kuifanya biashara hiyo.

Na kabla ya kununua chochote, fungua sanduku lililopo nyumbani. Sweta la baba lililochanika viwiko, fundi anaweza kulipunguza likawa la mtoto. Mikono ya sweta kuukuu, ikikatwa na kushonwa upande mmoja, ni soksi za kulalia. Blanketi lililotoboka katikati lina pande mbili nzima za kuwekea bitana ndani ya jaketi jembamba.

Watoto, wachanga na wazee

Mtoto wa shule huondoka kabla jua halijapanda. Mara nyingi sweta la sare ni jembamba, na shule inataka rangi yake. Usigombane na mwalimu: ongeza joto ndani, pasipoonekana. Fulana ya mikono mirefu ndani ya shati, skintaiti ndani ya sketi au suruali, na soksi nzito. Fulana moja ya ndani inaweza kuleta tofauti kati ya mtoto anayeshika kalamu na yule anayekaa na mikono kwapani hadi saa nne.

Mtoto mchanga bado hawezi kulinda joto lake vizuri, na kichwa chake ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili, hivyo kofia na soksi ni muhimu kwake. Njia bora ya kumpa joto ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, wote wakifunikwa kwa kanga na blanketi. Asifunikwe uso. Na msimzidishie: gusa shingo yake kwa nyuma, ikiwa na jasho, punguza nguo moja.

Hapa tunyooshe kauli moja inayosemwa sana. Baridi yenyewe haileti nimonia; nimonia huletwa na vimelea. Lakini msimu wa baridi tunabanana ndani, tunafunga madirisha, na moshi wa kuni unatuzunguka, na moshi huo huongeza hatari ya nimonia kwa watoto wadogo. Mtoto akipumua haraka kuliko kawaida, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, hilo si la sweta wala la kuchua mafuta. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo.

Wazee nao mara nyingi hawasemi kwamba wanasikia baridi. Mzee akianza kutetemeka, akawa mzito wa kusema, anachanganyikiwa au anasinzia mchana bila sababu, mwondoe kwenye nguo yenye unyevu, mfunike na kichwa pia, na kama yuko macho na anaweza kumeza mpe kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe haisaidii. Inamfanya ajisikie ana joto huku joto lenyewe likipotea kupitia ngozi. Asipopata nafuu haraka, mpelekeni hospitali.

Usiku, na jiko la mkaa

Tumefika kwenye sababu kubwa ya kuandika makala hii. Nyumba isiyokuwa na nguo za kutosha hutafuta joto mahali pengine, na mahali pa karibu ni jiko la mkaa. Linawashwa nje, moshi ukiisha linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanalala. Wengine hawaamki.

Mkaa unaoonekana umeiva na hauna moshi bado unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na mtu aliyelala hapati nafasi ya kuamka akimbie. Aliye macho huanza kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inaisha nguvu. Ukiona dalili hizo kwenye chumba chenye jiko, toeni watu wote nje kwenye hewa kwanza, kisha mwende hospitali. Kuweka sufuria ya maji juu ya jiko hakuondoi gesi hiyo. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea. Jiko la mkaa lisilale chumbani na mtu, hata kwa saa moja.

Badala yake, vaa nguo kavu za kulalia, tofauti na ulizoshinda nazo, kwa sababu zile zina unyevu hata kama huuoni. Vaa soksi na mzula. Tandika kitu chini yako, si juu tu; baridi nyingi hupanda kutoka sakafuni, na gunia safi au blanketi kuukuu chini ya godoro linasaidia sana. Jaza maji ya moto kwenye chupa imara inayofungwa vizuri, izungushe kitambaa, na uiweke miguuni dakika chache kabla ya kulala. Watoto walale pamoja. Hayo yote hayafikii bei ya gunia la mkaa.

Kufua, kukausha na kuhifadhi

Nguo chache zinachakaa haraka zisipotunzwa. Sufu isifuliwe kwa maji ya moto wala kusuguliwa kwa nguvu. Husinyaa, na sweta la baba linakuwa la mtoto bila kupitia kwa fundi. Tumia maji ya uvuguvugu, lizungushe kwenye taulo au kanga kavu ulikamue, kisha lilaze juu ya mkeka, usilining'inize likiwa zito maana litarefuka.

Siku za ukungu fua nguo moja moja, asubuhi, na si sanduku zima Jumamosi. Ukianika karibu na moto jikoni, weka umbali. Nyuzi za kiwandani huyeyuka, na cheche moja hutoboa jaketi. Gambuti zilizolowa ndani zijaze karatasi za magazeti makavu usiku kucha.

Msimu ukiisha, mwezi wa tisa, usikunje sweta chafu. Nondo hupenda sufu yenye jasho na mafuta. Fua, kausha kabisa, weka kwenye mfuko uliofungwa vizuri. Mwakani utaanza ukiwa na kitu mkononi.

Turudi kwenye shilingi 50,000

Sasa tumjibu yule mama. Bei hutofautiana kati ya mnada na mnada, kwa hiyo chukua hizi kama mfano wa kugawa, uweke za kwenu.

Wako wanne. Soksi nzito jozi mbili kwa kila mmoja, jozi 8 kwa shilingi 1,000, ni 8,000. Mizula minne kwa 1,500 ni 6,000. Fulana za ndani za mikono mirefu nne kwa 2,000 ni 8,000. Masweta manne ya kati kwa 3,500 ni 14,000. Hapo umetumia 36,000, na kila mtu ndani ya nyumba ana tabaka mbili, kichwa na miguu vimefunikwa.

Zimebaki 14,000. Nunua jaketi moja la kuzuia upepo kwa 6,000, na umpe mtoto anayetembea umbali mrefu kwenda shule. Shilingi 3,000 mpe fundi atengeneze zipu na viraka vya majaketi ya zamani, likiwemo la kwako. Shilingi 5,000 iliyobaki ni ya sabuni na nauli. Majaketi mengine yaje moja moja, kila mnada unapopata nafasi.

Ona kwamba hatukuanza na koti kubwa. Koti kubwa ndilo linalovutia macho mnadani, na ndilo linalomaliza pesa ya watu wanne kwa mtu mmoja. Anza na walio dhaifu, anza na kinachogusa ngozi, kisha panda kwenda nje. Na jiko la mkaa libaki nje.

Kama una mbinu ya nyumbani ambayo hatujaitaja, tutumie ujumbe kupitia ile namba ya kipindi tutakapokuwa hewani. Zile zitakazotufaa wote tutazisoma kabla ukungu haujashuka.